Kilio cha Pili

Marehemu Pokuaa alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha shaba, mikufu ya dhahabu shingoni, kitambaa cha kente kimemfunika hadi kifuani, na taa ya mpiga video ikimmulika usoni kama mtu anayesubiri kuhojiwa. Konadu, bintiye wa pekee, alisimama mlangoni amevaa nyeusi na nyekundu za msiba, akajikuta anatafuta sakafuni alama ya chaki ya kumwonyesha mahali pa kusimama. Hapakuwa na alama.

Katika mji wote wa Mampong, msiba usioongozwa na sauti ya Pokuaa ulionekana haujakamilika. Konadu alizinyonya nyimbo zake za maombolezo pamoja na maziwa. Alipotimiza miaka tisa watu wa televisheni walimchukua, wakamfanya Dufie, yatima wa tamthilia, wakamfundisha kutoa chozi kwa amri. Alipofika kumi na tisa alikuwa na albamu mbili, zote za huzuni ya kuazima kwa mamake. Pokuaa alinung'unika mara moja tu, huku akimenya viazi vikuu.

"Siku yangu ikifika, usinililie kile kilio cha Dufie. Nililie wewe."

"Mama nawe! Utatuzika sote."

"Nimesema."

Sasa mama mdogo Achiaa alimshika mkono. "Ingia, mwanangu. Anza, tupokee."

Konadu akaanza. Sauti ilitoka ikikwaruza, mbaya, haina mpangilio. Kamasi zikamtiririka, maneno yakampotea, akashika nguzo ya kitanda akabaki kuita, "Mama! Mama ee!" Wanawake wakapokea kwa pamoja, hata kuta zikaonekana kusogea.

"Samahani, dada Dufie." Alikuwa Yeboah, mpiga video aliyekodiwa na ukoo. "Mjomba alinizibia. Nimepata kisogo chake kitupu. Turudie kidogo, kuanzia mlangoni."

Mjomba Opoku akasogea pembeni kwa aibu. "Rudia tu, mwanangu. Ndugu zako walioko Uholanzi nao wana haki ya kuona."

Konadu alipangusa pua, akarudi mlangoni.

Mara hii hakukosa neno. Sauti ilipanda palipostahili kupanda, ikavunjika palipopendeza kuvunjika. Bila kuambiwa, aligeuza shavu la kushoto kwenye mwanga, na chozi likashuka taratibu, peke yake, kama lililolelewa vizuri.

"Yesu wangu, Dufie huyo!" mtu akanong'ona dirishani. "Huyu mtoto anajua kulia, bwana!"

"Safi sana!" Yeboah akainua kidole gumba.

Ndipo Konadu alipotambua ukimya. Chumbani hakuna mwanamke aliyefungua kinywa.

"Mama mdogo, mbona hamkupokea?"

Achiaa aliinyoosha kente ya dada yake, ingawa haikuwa na kunjo. "Kile cha kwanza tulikipokea."

Konadu akamgeukia Yeboah. "Kile cha kwanza unacho?"

"Nimekifuta, dada. Kilikuwa kisogo tu."

Nje tarumbeta zililia, na vijana waliobeba jeneza wakafika barazani.

"Zima taa," Konadu akasema.

"Lakini dada, jeneza ndiyo linaingia—"

"Zima!"

Taa ikazimika. Katika mwanga hafifu wa dirisha uso wa Pokuaa ulionekana mdogo, mzee, poda imeganda kwenye mikunjo ya kinywa. Konadu akapiga magoti, akafungua kinywa, akangoja kilio kije chenyewe.

Wanawake nao wakangoja.