Paja la Kuku wa Msiba

Mzee Masi, mume wa jirani yetu Graziella, alifariki siku ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, siku ambayo Sisilia nzima hula nje na hakuna mkahawa wenye kiti kitupu. Mimi nilikuwa sokoni na wageni wanane. Kazi yangu ndiyo hiyo: nawatembeza watu siku tano, nawaonyesha makanisa na magofu, nawalisha kila kona, na siku ya tano nawapeleka kwa mama yangu wakale chakula cha nyumbani. Chakula hicho cha mwisho ndicho kinachowaleta. Makanisa wangeweza kuyaona kwenye picha.

Simu ikalia nikiwa nawaonjesha zeituni.

"Ninfa, Masi ametutoka alfajiri," mama akasema. "Leo siwapikii watu wako. Nampikia Graziella."

"Mama, jamani! Saa saba wanatakiwa wawe mezani."

"Wapeleke mkahawani."

"Mkahawa gani leo? Hata pa kusimama hapapatikani."

"Basi wape mkate na zile biringani nilizopika jana. Hawatakufa. Aliyekufa ni Masi." Akakata simu.

Kwetu nyumba ikifiwa haiwashi jiko kwa siku tatu. Majirani ndio hulisha, kila siku nyumba moja, na sufuria ya kwanza ni ya mtu wa karibu kuliko wote. Hapo hapakuwa na ubishi. Graziella ndiye aliyemsimamia kaka yangu ubatizo, na tangu siku hiyo yeye na mama wanaitana komare, yaani ndugu wa ubatizo, miaka hamsini na mmoja bila kununiana hata wiki moja. Sufuria ya msiba hufika nzima. Mpishi haonji hata chumvi, anakisia tu. Kumega chakula kilichopikiwa wafiwa ni kumnyang'anya marehemu, na hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Niliwaacha wageni wamalize soko, nikatangulia nyumbani, nikamkuta mama mlangoni amejifunga kilemba cheusi, anatoka kwenda kukaa na komare wake. Juu ya meza ya jikoni ilikuwepo sufuria kubwa, kitambaa cheupe kimefungwa juu yake.

"Kuku watatu wazima, wamejazwa wali na maini," akaniambia. "Saa saba na nusu uilete. Watu wako wale walichonacho."

"Sawa, Mama."

"Ninfa. Usiifungue."

"Mama, kwani mimi mtoto?"

Akanitazama juu mpaka chini, akaenda zake.

Wageni wakafika wakiwa hoi kwa jua. Niliwapa mkate, jibini na biringani za siki, wakala vizuri, wakasifu. Hapo ningeweza kuwaambia ukweli: jirani amefiwa, leo ni hivi, tusameheane. Wasingenilaumu, wale walikuwa watu wazima wenye akili zao. Lakini mzee mmoja mrefu wa Kiholanzi, Wouter, akanusa hewa kisha akaelekeza kidole jikoni.

"Tumetembea siku tano kwa ajili ya harufu hiyo," akasema, na wenzake wote wakacheka na kushika uma.

Niliona aibu. Sitaki kujipamba, ndivyo ilivyokuwa: niliona aibu mbele ya watu ambao kesho yake wangepanda ndege, nikasahau kuwaonea aibu watu nitakaozikwa nao. Nikaingia jikoni nikafungua kitambaa. Kuku watatu, nikajiambia, nani atahesabu? Nikatoa mmoja mzima, nikachota mchuzi, nikaongeza maji ya moto mahali pake. Kuku mmoja nilimkata vipande saba kwa kumbana sana. Sahani ya nane, ya Wouter, ikabaki na wali mtupu.

Basi nikang'oa paja la kuku wa pili. Nikamlaza kwa ule upande wenye jeraha, nikafunga kitambaa tena.

Walikula kimya, kile kimya cha chakula kitamu. Wouter aliuliza hicho chakula kinaitwaje, nikamdanganya kuwa ni kuku wa sikukuu. Akaandika kwenye kidaftari chake. Nikawaachia kahawa, nikabeba sufuria.

Nyumba ya Graziella ilijaa wanawake. Marehemu alikuwa chumba cha ndani, amevalishwa suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yake. Graziella alikaa kichwani mwa meza, mdogo ndani ya nguo nyeusi, hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Mama akafungua kitambaa, akachukua upawa, maana aliyepika ndiye humpakulia mjane kwa mkono wake.

Akaingiza upawa chini ya kuku wa kwanza, na kuku akageuka.

Kila mtu aliona. Mfupa ulikuwa wazi, nyama imechanika pale nilipovuta kwa haraka. Tura, jirani ambaye ulimi wake haujui likizo, akainama juu ya sufuria.

"Heh! Huyu kuku alikuwa kiwete?"

Mwingine akasema, akimtaja mama kwa jina, "Na mbona wawili? Provvidenza hapiki kuku wawili, yeye hupika watatu."

Mama aliniangalia mara moja tu. Sijawahi kuangaliwa vile, si kwa hasira, ni kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. Kisha akaweka upawa chini.

"Ni mimi," akasema. "Nilikula. Nilisikia njaa nikipika, nikala. Nisameheni."

"Ulikula kuku mzima na paja juu?" Tura akauliza.

"Nilikula, Tura. Unataka nikuandikie?"

Ulikuwa wakati wangu wa kusema. Neno moja lingetosha, na mlango wa nyumba ya mama ulikuwa hatua ishirini tu, wageni wangu bado wanafuta midomo. Nilisimama pale nikikunja kitambaa cha sufuria, mwanamke wa miaka arobaini na saba, nikamwacha mama yangu aitwe mlafi mbele ya maiti.

Graziella alimtazama mama kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Funika, komare," akasema. "Sina njaa."

Sufuria ikarudi kwetu na chakula chake. Sufuria ya pili haiji mpaka kesho yake, ndiyo desturi, kwa hiyo nyumba ile ililala na njaa pamoja na maiti wao. Mama naye hakula. Alimwaga vyote, akasugua sufuria kwa mchanga mpaka nikamwomba aache.

"Mama, nitawaambia."

"Utawaambia nini? Nyamaza ufanye kazi yako. Mimi nina miaka sabini na sita, jina langu naondoka nalo karibuni. Lako bado unalihitaji."

Ilikuwa afadhali angenipiga.

Mtaa haukuchelewa. Siku ya tatu mama alikuwa tayari ana jina: Mama Paja. Muuza samaki alimuuliza kama leo anataka dagaa au atasubiri mtu afe. Jioni wanawake wakitoa viti vyao kukaa kivulini kando ya ukuta wa kanisa, kiti cha mama kiliachiwa nafasi pande zote mbili. Alikaa palepale, anamenya kunde, hajibu. Kwenye maziko alisimama nyuma kabisa, yeye aliyepaswa kumshika Graziella mkono. Mimi nilimwona Graziella akigeuka mara mbili kumtafuta.

Nilikaa na siri hiyo wiki nzima. Usiku nilijitetea, asubuhi nilijilaumu, na mchana nilikuwa nawaeleza wageni wapya tofauti ya jibini la kondoo na la mbuzi kwa tabasamu. Siku ya nane nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Graziella kabla ya kazi. Nilimkuta peke yake jikoni, anapanga vikombe.

"Mama wa ubatizo," nikaanza, maana ndivyo tunavyomwita nyumbani, "paja lile nilitoa mimi. Na kuku mzima. Niliwalisha wageni wangu. Mama hakugusa kitu."

Hakugeuka hata.

"Najua."

"Unajua?"

"Ninfa, mama yako hali kuku. Tangu akiwa na mimba yako kuku anamtapisha. Miaka arobaini na saba napika kuku Krismasi na yeye namkaangia yai. Wewe mwanawe hukuwahi kuona?"

Sikuwahi kuona. Nilikuwa nimekula meza moja na mama maisha yangu yote, nikauza upishi wake kwa watu wa nchi kumi, na sikujua anachokula.

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza. Sauti ilinipanda, nakiri. "Ulimwacha adhalilike!"

Hapo akageuka.

"Mimi ndiye niseme? Mume wangu alikuwa ndani amelala hajafunikwa uso, mimi ndiye nikutolee wewe aibu yako? Nilikuwa nakusubiri. Nilikuangalia, nikasema moyoni, sasa hivi ataongea. Ukakunja kitambaa." Akafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari. "Leo unakuja kunong'ona jikoni kwangu, tukiwa wawili. Utanisaidia nini? Mimi nilikuwa najua. Nenda kawaambie wasiojua."

"Wote?"

"Kwani walimsikia wangapi?"

Mchana ule nilikuwa na wageni tisa. Sikuwapeleka kwa mama. Alikuwa amefunga jiko lake kwangu bila kusema neno. Niliwalisha mkahawani, chakula cha ovyo, kisha saa kumi nikawapitisha mtaani kwetu kwenda kuona malaika wa mawe waliochongwa juu ya mlango wa kanisa. Wanawake walikuwa wameshatoa viti. Tura katikati, mama pembeni na nafasi yake pande mbili. Pazia la mlango wa Graziella lilitikisika.

Nikasimama. Nilijua nikipita siku ile sitasimama tena.

"Sikilizeni!" nikapaza sauti, kwa lugha yetu ya nyumbani, si ile ya wageni. "Kuku wa mzee Masi niliiba mimi! Mama aliniambia nisifungue, nikafungua. Nikatoa kuku mzima nikawapa watu wangu wale, nikang'oa paja, nikatia maji kwenye mchuzi wa marehemu. Mama yangu hakuonja hata chumvi. Alijitwika aibu yangu, na mimi nilisimama pale nikanyamaza kama gogo. Mlafi ni mimi. Mwongo ni mimi. Mkitaka kumwita mtu Paja, niiteni mimi!"

Nilikuwa nalia, makamasi yananitoka, mikono juu. Kunde zilikuwa zimemtoka mama mapajani zikamwagika chini, hakuziokota.

Nyuma yangu wageni wakalipuka kwa makofi.

Walipiga makofi kweli, wengine wakipiga miluzi, mmoja akiita "Bravo!" Walidhani ni sehemu ya ziara, igizo la mtaani tuliloliandaa. Nikageuka niwaeleze. Binti mmoja mwenye kofia ya ukili akanisogelea, simu mkononi, uso umejaa furaha.

"Samahani, unaweza kurudia? Simu yangu ilikuwa haijaanza kurekodi."

Mtaa mzima ukanitazama. Mama akainuka, akabeba kiti chake, nikadhani anaingia ndani. Hakuingia. Alikwenda akakiweka katikati kabisa, ubavuni kwa Tura, akakaa.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Tura hajasikia vizuri."

Nikarudia.