Antena Juu ya Bati

"Shuka! Shuka, mzee, utaniacha mjane kwa ajili ya waya!"

Baba watoto alikuwa juu ya bati, bomba la chuma amelikumbatia, spana mdomoni. Upepo ulishaanza na mawingu yale hayakuwa ya mzaha. Mimi chini nimeshikilia ngazi.

Binti yetu yuko peke yake kituo cha mlimani, anapima mvua. Simu huko haishiki, kwa hiyo kila jioni tunaongea naye kwa redio. Antena baba yake aliiunda mwenyewe kwa waya za shaba, akaining'iniza dirishani. Mikwaruzo ilikuwa inameza maneno yote. Lakini sauti yake ilitutosha. Tukijibu "haya mwanangu, vizuri", roho zinatulia.

Juzi na jana, kimya. Mzee akasema kosa ni la antena, lazima ifungwe nje, juu, moja kwa moja.

"Umekaza?" nikapaza sauti.

"Nimekaza, usinitie kiwewe."

"Na radi je?"

"Waya wa kuipeleka ardhini huo hapo miguuni pako."

Niliruka huko! Naye anacheka, mtu mzima ovyo. Akaziba maungio kwa silikoni, akaukunja waya kidogo kabla haujaingia ukutani, ili maji yadondokee nje. Aliposhuka nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumgombeza.

Ndani, akawasha redio. Kimya. Akazungusha kitufe.

"Baba? Mnanipata?"

Jamani! Sauti safi, utadhani kaketi jikoni kwangu. Mzee akapiga paja. "Tunakupata, mwanangu! Juzi na jana ulipotelea wapi?"

"Nilishindwa kuinuka kitandani."

Hapo ndipo tuliposikia na mengine: pumzi zinavyokatika, kifua kinavyokoroma, kikohozi anachojaribu kukiziba kwa kiganja. Nikampokonya mzee kipaza sauti.

"Unaumwa? Tangu lini? Mbona hukusema?"

Akakohoa kwanza.

"Mama, si nilikuwa nawaambia kila jioni? Nilikuwa nawaomba mje mnichukue, nanyi mnajibu vizuri, vizuri. Nikadhani mmeamua nivumilie."

Nikageuka nimtazame mzee. Alishatoka, viatu mkononi, anamwita jirani mwenye gari.