Kadra na Nambari 999,919

Mwalimu Elsie alipoifikia karatasi ya Kadra katika kusahihisha, chai ilimgeukia uchungu mdomoni. Swali la mwisho la shindano la hesabu la shule liliuliza kama 999,919 ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Wanafunzi aliowaleta yeye kutoka Wenje walikuwa wamejaza kurasa. Wamegawanya kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, mpaka wakachoka. Huyu msichana wa Garsen aliandika mstari mmoja tu: Si tasa. Ni 991 mara 1009. Hesabu yenyewe haikuwepo, wala alama ya kufuta.

Na asubuhi ile ile Elsie alikuwa amemwona Gershom, mwalimu aliyetunga maswali, amekaa na mamake Kadra kwenye banda lake la maziwa, wakicheka kama watu wa nyumba moja.

"Gershom," alisema mbele ya walimu wote, "maziwa ya banda lile unayalipia kwa majibu?"

Gershom akaweka kikombe chini.

"Mwite msichana. Muulize mwenyewe."

Kadra akaja, ameshika ncha ya hijabu yake. Elsie akamkazia macho. "Nani alikupa jibu hili?"

"Hakuna, mwalimu. Niliona imekaribia milioni, imepungua themanini na moja tu. Milioni ni elfu mara elfu. Themanini na moja ni tisa mara tisa. Basi ni elfu ukitoa tisa, mara elfu ukiongeza tisa."

Mwalimu mmoja akazidisha kwenye simu. Ikatoka sawasawa.

Elsie bado hakutulia. Aliyefunzwa jibu, alijiambia, hashindwi kufunzwa na sababu zake. Akachukua chaki akaandika ubaoni nambari aliyoijua tangu chuoni kuwa ni tasa: 1,000,003.

"Na hii?"

Kadra akainamia karatasi. Adhana ya adhuhuri ikalia mjini, ikaisha, naye bado anaandika na kukata. Mwishowe akainua kichwa.

"Hii imenikatalia."

"Kwa hiyo ni tasa?" Elsie aliuliza kwa upole, kama mtu anayetega.

"Sijui, mwalimu. Nimejaribu nyingi, sijazimaliza. Mimi kushindwa kuivunja si kusema haivunjiki."

Hapo Elsie akaona haya. Mwizi wa majibu angebahatisha ndiyo au la, apate kuponyoka. Huyu alikiri asichokijua mbele ya watu waliomshuku. Akampa alama zote kwa mkono wake mwenyewe, na Wenje ikashindwa.

"Nisamehe, mwalimu," alimwambia Gershom. "Nimekuvunjia heshima."

"Nimekusamehe," Gershom alijibu, akiutundika mkoba begani. "Lakini ulinisema mbele za watu, na jioni hii watu hawa watakuwa sokoni wakisimulia hayo, si msamaha huu."

Akatoka. Wale walimu wengine hawakuinua macho.