Ukuta wa Mzee Mseti

Waisiko alirudi kijijini Gorong'a akiwa amemaliza matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi, na hamu yake ilikuwa moja tu: kumpakata mjukuu wake Rhobi, aliyezaliwa yeye akiwa wodini Mwanza. Badala yake alikuta ukuta mpya wa matofali katikati ya ua, na shemeji yake Mseti, kaka mkubwa wa mumewe, amesimama hapo kama ofisa forodha wa mpakani Sirari.

Mseti aliwahi kufagia wodi ya hospitali moja miaka hamsini iliyopita. Kwa sababu hiyo ukoo mzima ulimwita daktari, naye hakuwahi kukataa.

“Wodini kwetu wanawake wenye ugonjwa huo walipachikwa ndani sindano za radiamu, madini ya mionzi, kwa mkono,” alisema. “Wanakaa nazo siku tatu, manesi wanajikinga nyuma ya ukuta. Mimi napitisha mashine ya kupima mionzi kwenye mashuka. Ikilia tatata, ujue sindano imepotea humo. Wewe pita upande ule.”

Siku mbili nzima Waisiko alipokea ugali kwenye koleo la mpini mrefu. Alimsikia tu Rhobi akilia upande wa pili, na roho ilimuuma kuliko matibabu yenyewe.

“Shemeji, hayo ni ya zamani,” alisema siku ya tatu. “Sasa mashine inaingiza kipunje cha mionzi kwa waya, kinakaa dakika chache, kinarudi kwenye sanduku lake. Ni kama dume la ng'ombe la kuazima. Unalileta na kamba, likimaliza kazi unalirudisha kwa mwenyewe. Ndani yangu hakuna kitu.”

“Tutapima,” alisema Mseti.

Mashine hakuwa nayo, kwa hiyo alileta redio yake, akainyoosha juu ya ukuta. Redio, iliyokuwa ikitangaza bei ya mahindi, ikakwaruza. Mseti akatikisa kichwa kitaalamu.

Waisiko akainyakua, akatoka nayo. Akaisogeza kwa mbuzi, ikakwaruza. Akaisogeza kwa mkwewe Winfrida, mama yake Rhobi, ikakwaruza. Akamwekea Mseti mwenyewe kifuani, ikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Mseti ana ubishi wa kutosha vijiji vitatu, ila sheria yake huifuata. Akabeba kigoda chake, akazunguka ukuta, akaketi upande aliotoka Waisiko.

“Siku ngapi?” aliuliza kutoka huko.

“Tatu,” alijibu Waisiko, Rhobi akiwa tayari mapajani pake. “Winfrida, mpelekee baba mkubwa ugali. Koleo liko pale.”