Mizabibu Kati ya Mama na Omollo

Mama yangu, Maximilla, na mume wangu, Omollo, hawajawahi kula meza moja. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwewe hukaa mbalimbali kwa heshima, na kwa Waluo wa Omollo ni vivyo hivyo. Heshima ni kitu kizuri, lakini mwaka huu imenichosha. Macho ya Mama yanataka kupasuliwa, na baadaye atahitaji mtu wa kumtilia dawa. Mtu huyo ni mimi. Kwetu, mtaa wa West Indies, tuna chumba cha nje, ila mlango wake unatazamana na wetu.

"Kila asubuhi nikutane na mkwe amevaa taulo?" Mama aliniuliza. "Heri nipofuke hapa kwangu Huruma."

Kwa hiyo macho yakabaki hivyo. Alichokubali ni matembezi tu, hadi shamba la mizabibu: ameimba habari za mzabibu kwenye kwaya maisha yake yote, hajawahi kuuona. Omollo alitangulia kwa pikipiki, nami nikamwendesha Mama kwa gari.

Tulipopita Iten na kuanza kuteremka bondeni, nilipunguza mwendo ili tutazame. Vijiji vilikuwa vimekaa mlimani ngazi kwa ngazi, nyumba zimepakwa udongo mwekundu, mizinga ya nyuki inaning'inia kwenye migunga, mbuzi wamelala barabarani kama wenye shamba. Na jua! Mama alibandika uso dirishani.

"Hiyo ya buluu kule ni nini?"

"Ni milima ya ng'ambo, Mama."

"Hapa Mungu hakuwa na haraka," akasema.

Shambani tulipokewa na Kim, mwenyeji anayetengeneza divai. Mizabibu yake imefungwa kwenye waya, safu baada ya safu, majani mazito hata huoni upande wa pili. Alitupa vikapu tuchume. Mama nami tukashika upande huu wa safu, Omollo upande ule. Mama alipapasa shada la zabibu, akaliinua karibu na macho, machozi yakamtoka. Nami nikalia, kwa sababu sikujua ataona vitu vingapi vingine.

"Nasike, niulizie huyo wa ng'ambo kama zake zimeiva."

Kabla sijafungua mdomo, majani yakajibu. "Zimeiva, Mama. Nyeusi kabisa. Nakuwekea hapa kwa waya."

Mama akazichukua, akala, akauliza swali lingine. Walizungumza hivyo safu nzima, yeye akicheka, mimi nimesahaulika na kikapu changu. Nilikuwa sijawahi kumpenda Omollo kiasi hicho.

Karibu na mwisho wa safu Mama akasimama, asitokeze.

"Mwambie mume wako apande hii kwenu, katikati ya ile milango miwili."

"Lakini Mama," Kim akasema, "hii kitu mpaka ifunike ni kama miaka mbili, tatu hivi."

Macho yake yasingengoja miaka hiyo.

"Basi kwa sasa atundike shuka," Mama akasema. "Na liwe zito."