Pazia la Kibarazani

Binti alitaka pazia zito. Baba yake alitaka mwavuli. Aliyekuwa anaungua ni baba, lakini jamani, tangu lini mgonjwa akaulizwa?

Mzee yule alikuwa kinyozi, na kinyozi asiye na maneno atakufa njaa. Alijua nani kaachwa, nani kapata kazi, nani anazipaka mvi rangi. Kisha kiharusi kikampiga: mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito, mkono wa kulia ukalala. Akabakiwa na kibaraza cha bintiye, kiti cha plastiki, na mkono wa kushoto wa kuwapungia wapita njia. "Shikamoo, mzee!" Marahaba yake ilitoka vipande vipande, lakini ilitoka, na watu walisimama kuingoja.

Sasa jua la mchana lilikuwa linamuunguza utosi, kweli. Fundi maturubai akaja, akatandaza vipande vya vitambaa sakafuni, akatazama juu, akapima.

"Dada, hapa jua linatoka juu tu. Jioni nyumba ya mbele inalikinga. Weka mwavuli mkubwa, basi. Pazia la kushuka mpaka chini litamtia mzee joto bure."

"Nataka la kushuka."

"Sasa litazuia nini?"

Binti alimfuta baba yake mate kidevuni, haraka haraka, huku akitupa jicho barabarani, walikokuwa wanapita wafanyakazi wenzake. Mzee akaliona jicho lile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa kuonewa aibu na mwana, loh, huo aujue nani? Jua lilikuwa kisingizio tu.

"Mwa... vuli," alisema, akinyoosha kidole. "Mwavuli, mama."

"Baba, acha ubishi. Ni kwa faida yako."

Fundi akainamisha kichwa, akaandika vipimo. Angefanyaje, na yeye ana watoto wanaokula?

Jumamosi pazia likatundikwa, la rangi ya udongo, zuri kwelikweli. Kivuli tele! Mzee akakaa nyuma yake kama gunia stoo. Siku za mwanzo watu walipita wakiamkia, naye akajibu, ila sauti iliishia kwenye kitambaa. Na mkono ule, nani auone? Wakaacha kuamkia.

Jioni moja seremala, rafiki yake wa tangu ujana, alisimama getini. Binti alikuwa anafagia nje.

"Mwanangu, mbona simwoni mzee? Yu mzima?"

"Mzima, baba. Amelala."

"Nipo!" mzee alipiga kelele nyuma ya pazia, lakini kilichotoka kilikuwa mlio tu. Akakusanya pumzi, akajaribu tena, kwa nguvu zake zote.

Seremala akageuza shingo. "Nini hicho?"

"Redio," alisema binti, akaendelea kufagia.