Gia ya Tatu ya Baba Mkwe

Siku ile mjinga alikuwa fundi mwenyewe, na hilo alikuja kulikubali baadaye. Gari la marehemu baba mkwe lilikuwa kuukuu lakini linang'aa, na kesho yake alikuwa ameahidi kumpandisha nalo mama mkwe mlimani, kwa dada yake. Tatizo ni gia ya tatu: ilikuwa imelika, na vipuri vyake havipatikani tena. Akampelekea mkewe, fundi wa kuchonga vyuma.

"Nichongee nyingine kama hii hii. Usiongeze hata unywele!"

"Lakini baba watoto, hii..."

"Wewe chonga. Mambo ya gia niachie mimi."

Mke akapima, akachonga, akamkabidhi. Fundi akaifunga kwa mbwembwe, wakaenda kulijaribu gari. Katikati ya mlima gia ikachomoka, gari likaguna na kuanza kurudi kinyumenyume.

"Umeniangusha!" alifoka, mguu kwenye breki. "Kesho mama yako nitampandisha na nini? Si nilikwambia zifanane?"

Mke akamfuta grisi puani huku akicheka.

"Zimefanana, mpenzi. Uliniletea kibogoyo ukataka pacha wake. Meno ningeyatoa wapi?"